Mlango wa Ningu

Mabula alikuwa mtu wa dharau, na hilo lisemwe mapema ili asitokee wa kudhani anasimuliwa habari za mtakatifu. Aliwadharau wanaochelewa kuamka, akawadharau na wanaowahi kulala. Mwalimu alimdharau kwa kununua mchicha ilhali nyuma ya nyumba yake kuna ardhi ya kulima mpaka uchoke. Katekista alimdharau kwa kuimba kwa puani. Waliovaa viatu siku ya mnada aliwaita maharusi. Katika kijiji kizima cha Mwabujiku, pale mto Simiyu unapobanwa na majabali mawili, hapakuwa na mtu ambaye Mabula hakumpachika jina la kumshusha, isipokuwa mkewe Nyanjige. Naye hakumwacha kwa upole. Nyanjige alikuwa na mdomo, tena mkali kuliko wa mumewe, na jioni walipokaa uani wakila michembe ya viazi na karanga, walikichambua kijiji nyumba baada ya nyumba, huyu akianza na yule akimalizia, mpaka majirani wakawa wanajibanza nyuma ya ua wa minyaa kusikiliza leo wametajwa vipi. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yao, na hayakuwa madogo.

Kitu kimoja Mabula alikiheshimu, nacho ni samaki aitwaye ningu. Kiangazi Simiyu hubaki mchanga mtupu na vidimbwi vya kunyweshea ng'ombe, na ningu wako zao ziwani. Masika ikishika, mto ukaja mwekundu, wao wanapanda. Wanapanda na mayai tumboni, wanapita Mwabujiku, wanakwenda juu kabisa kwenye nyasi zilizofurika na majaruba ya mpunga, wanataga. Maji yakianza kupungua wanarudi ziwani wamekonda, na watoto wao nyuma.

Kwenye majabali yale palikuwa na uzio wa miti na fito, tangu enzi za babu zao, na katikati yake mlango wenye upana wa mtu kulala. Sheria yake ilikuwa nyepesi hata Sayi aliielewa, na Sayi alikuwa mtu wa kuulizwa jina lake akafikiri kwanza. Samaki wakipanda, mlango uko wazi, na hakuna wa kuchovya hata kidole. Samaki wakishuka, mlango unafungwa, migono inategwa, kijiji kinakula, kinabanika, kinauza. Mlinzi wa mlango alikuwa Mabula, kama baba yake alivyokuwa. Alitandaza mawe meupe chini ya mlango ili migongo ya samaki ionekane wakipita, akakaa juu ya jabali akiwahesabu kwa kufunga mafundo kwenye kamba ya katani. Kamba hizo alimpa Kasmiri, bwana samaki wa wilaya, aliyekuja kila masika kwa pikipiki kutoka Bariadi. Kasmiri alikuja na ubao wa kupimia urefu wa samaki, na mkasi wa kuwakatia ncha ya pezi kabla ya kuwaachia, ili mwaka ujao ajulikane nani amerudi na nani hakurudi. Mabula alimwita Fundi Cherehani kwa sababu ya ule mkasi, lakini kamba alimpa.

Halafu ikaja ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kila kitu. Pamba ambayo miaka yote ilinunuliwa na ushirika ikawa inanunuliwa na kila mwenye lori na mizani, na mizani nyingine ilikuwa ya kuhurumiwa. Mmoja wa hao wenye malori alikuwa Joakim, mwenye duka Somanda, mtu wa kitambi na kalamu mbili mfukoni, moja haiandiki. Pamba ilipokwisha, Joakim akageukia ningu. Alikuwa na wateja wake Mwanza waliotaka ningu mwenye mayai, si huyu aliyekonda wa kushuka. Alikwishajaribu kutega nyavu zake sehemu nyingine za mto, mafuriko yakazichana na magogo yakaondoka nazo. Mahali pa kumkamata ningu anayepanda palikuwa pale tu, mlangoni. Basi akaja Mwabujiku na pikapu, akaomba mkutano, akashusha kreti za soda, na watu wazima wakakaa asubuhi asubuhi wakinywa soda kama watoto waliotoka kupata Kipaimara.

"Ndugu zangu," alisema Joakim, "sasa ni soko huria. Samaki anapita mlangoni kwako, amenona, ana mayai, wewe unamwangalia tu. Akirudi amekonda ndiyo unamvua. Kwani ng'ombe wenu nao mnawauza mpaka wakonde?"

Wakacheka, wakapiga makofi. Mboje, kamanda wa sungusungu wanaolinda kijiji, alipiga makofi kuliko wote. Mboje alikuwa mtu aliyependa filimbi yake kuliko wake zake, na Joakim alikuwa amekwisha kumwahidi kwamba yeye ndiye atakayekuwa wakala wake pale kijijini.

Mabula akasimama. "Na mtamba mwenye mimba," akamuuliza Joakim, "wewe huwa unamchinja?"

 Mzee Salu, aliyekuwa amekaa mbele, akaweka chupa yake chini. Wengine wakaanza kutazamana. Laiti Mabula angekaa hapohapo, mambo yangekwisha, maana hakuna Msukuma asiyejua maana ya mtamba mwenye mimba. Lakini Mabula kukaa kimya akiwa ameshinda hakuweza. Aliwatazama walivyoshika chupa zao, dharau ikampanda kichwani.

"Mbwa wangu ukimnunua kwa soda anakukatalia," alisema. "Mbwa anataka mfupa. Nyinyi mmenunulika kwa maji ya sukari. Baba zenu walizikwa bure. Tungewabakiza wao, tukawazika nyinyi."

Kugusa makaburi ya watu hadharani si jambo dogo Usukumani, na huyu aliyagusa yote kwa mkupuo. Hata waliokuwa wameanza kumwelewa wakainuka. Baraza likakaa palepale, likamtoza mbuzi mmoja, na aseme mbele ya watu wote kwamba amekosa. Mbuzi alikuwa nao. Neno ndilo hakuwa nalo.

"Mbuzi wangu wana akili," alisema. "Siwezi kuwaleta kwenye kundi hili."

Kwa hiyo akatengwa. Kutengwa na sungusungu ni kitu ambacho mtu wa mjini anakisikia akacheka, ila kwa aliyekiona hakuna cha kuchekesha. Husalimiwi. Hupewi moto. Ukifiwa unachimba kaburi mwenyewe. Anayekusemesha anatozwa faini ileile, na akikaidi anaungana na wewe. Hiyo ndiyo kawaida. Lakini Mboje, kwa kuwa alikuwa na wageni wa mjini wa kuwaonyesha ukubwa wake, akaona kawaida haitoshi, akaongeza ya kwake. "Mabula asisemeshwe," alitangaza, filimbi mkononi. "Asiguswe. Kitu chake kisiguswe, na kitu chochote kilichomo mikononi mwake kisiguswe, kama kina ukoma. Nyumba yake yote iwe hivyohivyo, mpaka faini itoke na neno litoke. Na adhabu hii haiondoki kwa njia nyingine." Watu wakaitikia. Kama angejua alichokitangaza, angeimeza ile filimbi.

Wiki zilizofuata Nyanjige alisaga peke yake, akapalilia peke yake, akateka maji wengine wakishaondoka. Jioni walikaa uani kama zamani wakikichambua kijiji, ila nyuma ya minyaa hapakuwa na mtu tena. Nyanjige alianza kuishia katikati ya sentensi.

"Mbuzi mmoja tu, Baba Gloria," alisema siku moja.

"Siyo mbuzi, Mama Gloria. Ni kumwambia Mboje kwamba nimekosa. Mboje, ambaye akipoteza filimbi atasahau na jina la baba yake."

Nyanjige akacheka, kwa sababu ilikuwa kweli, na yakaisha.

Mvua zikanyesha, Simiyu ikafura. Mlango ukafungwa, na aliyekabidhiwa kuulinda akawa Sayi. Mabula alichukua baiskeli akaenda Bariadi kumtafuta bwana samaki. Kuziba mto samaki wasipande kulikatazwa na serikali, na serikali kwa mambo ya samaki ilikuwa Kasmiri. Ofisini alikuta kufuli lenye kutu. Akaelekezwa Somanda, akamkuta Kasmiri nyuma ya kaunta ya kibanda, anauza viberiti.

"Mwangaluka, Mzee Mabula," alisema Kasmiri, na akainama kidogo kama kijana mwenye adabu, kwa kuwa adabu alikuwa nayo. Kilichompungukia ni kitu kingine. "Nimepunguzwa kazi. Tumepunguzwa wengi."

Mabula akamweleza yote. Kasmiri alisikiliza hadi mwisho akipanga na kupangua viberiti vyake.

"Unachosema nakijua," alisema. "Wakizibiwa msimu mmoja, miaka miwili baadaye kijiji kitalia. Wakizibiwa mara mbili mfululizo, sahauni ningu kwenye huo mto. Niliyaandika hayo mpaka mkono ukaniuma."

"Basi njoo uyaseme."

"Niyaseme kama nani, mzee?"

"Anayeshika nafasi yako je?"

"Hakuna. Hata nafasi yenyewe imepunguzwa." Kasmiri akashusha sauti. "Na hiki kibanda ni cha Joakim. Amenipangisha."

Mabula akainua macho. Ule ubao wa kupimia samaki, wenye mistari yake ya sentimita, ulikuwa umepigiliwa ukutani umekuwa rafu, na juu yake imepangwa miche ya sabuni, kila mche umekaa vizuri kwenye kipimo chake. Mtu anajua kabisa kinachokuja, anaweza kukutajia na mwaka wenyewe, halafu anauza sabuni. Mboje ni mjinga, na mjinga unaweza hata kumsamehe, lakini kwa huyu Mabula alishindwa kupata jina la kumpa, na si kawaida yake kushindwa. Aliondoka bila kuaga.

Aliporudi alipitiliza mtoni. Ningu walikuwa wamejazana chini ya uzio, wamebanana mpaka migongo ikawa nje ya maji, wanajirusha kwenye fito, wanaanguka, wanajirusha tena. Matumbo yalikuwa yamevimba, na mengine yalishapasuka, mayai yanaelea kama uji wa ulezi. Watu walikuwa wanawazoa kwa ndoo na kwa masufuria. Sayi alikuwa amekaa kwenye jabali la Mabula, mahali pa Mabula, anakula muwa.

Mabula akaitupa baiskeli, akaingia majini na nguo zake, akashika mlango kwa mikono miwili, akavuta. Alikuwa anasubiri rungu kisogoni. Fito ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka, rungu halikuja. Akageuka. Ukingo wote ulikuwa umesimama na ndoo zake. Sayi alikuwa amefungua mdomo kusema, na Mboje alikuwa amemziba kwa kiganja.

"Usimsemeshe," Mboje alikuwa anamnong'oneza. "Na usimshike."

Hapo ndipo Mabula alipoelewa. Alielewa taratibu, kama mtu anayeota moto, joto likimpanda kuanzia miguuni. Hawa watu hawawezi kumwambia atoke. Hawawezi kumvuta. Mlango uko mikononi mwake, na kilichomo mikononi mwake hakiguswi, kamanda ametangaza mwenyewe mbele ya soda. Mabula akaanza kucheka. Alicheka akipangua fito, huku ningu wanapita katikati ya miguu yake wakimgonga magoti, mamia kwa mamia, wanakwenda zao juu.

Mboje alifikiri, kwa kadiri ya uwezo wake. Akasogea ukingoni, akautazama mto, akasema kwa sauti: "Ewe mto, nadhani kuna mtu mmoja ingefaa atoke hapo."

"Hiyo ni kumsemesha," alisema Mzee Salu.

"Nasema na mto."

"Umesema na mto, ila anayeambiwa atoke ni mtu. Sheria uliiweka wewe."

Ikabidi Mboje anyamaze, asije akajipulizia filimbi mwenyewe. Kuifuta adhabu nako hakukuwezekana. Ilikuwa imesemwa hadharani kwamba bila faini na neno haiondoki. Na kama ingefutwa hivihivi, Luhaga, aliyetoa dume zima la ng'ombe mwaka uliopita kwa kumtukana mkwewe, angedai dume lake kesho yake. Wapo na wengine waliotoa. Kamanda asingebaki na kitu isipokuwa filimbi. Wakaambiana wasubiri, njaa itamtoa.

Mabula naye alijua watakachosubiri. Akafunga kamba ya katani kwenye mwimo wa mlango, na ncha nyingine akajifunga kiunoni, ili awe macho awe usingizini uwe mikononi mwake. Akatengeneza kichanja cha fito juu ya jabali, akahamia. Alisema atatoka maji yatakapoanza kupungua, ningu wakishapanda wote, na si dakika moja kabla. Alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuwa nayo. Siku nzima alikaa akiwatukana mmojammoja kwa majina, na wao wamekaa ukingoni, hawawezi kumjibu. Alimweleza Luhaga habari za mkwewe. Alimweleza katekista habari za pua yake. Wengine walikuwa wanakuja kusikiliza tu, kisha wanaondoka wameinama ili wasionekane wanacheka.

Joakim akafika na pikapu imejaa barafu, akakuta ndoo tupu. Akashuka mpaka ukingoni na viatu vyake vya ngozi.

"Wewe mzee," alifoka, "unajua unanitia hasara kiasi gani? Toka hapo haraka."

Filimbi ikalia. Sungusungu wakamzunguka, pinde mkononi, na nyuso zao zilikuwa za watu wanaofanya kazi. Mboje alijaribu kuwapungia mkono waache, lakini filimbi alikuwa ameipuliza mwenyewe, kwa mazoea, na mdomo ulikuwa umekwisha kumtangulia.

"Umemsemesha mtu aliyetengwa," alisema Mzee Salu. "Mbuzi mmoja, na useme umekosa."

"Mimi si mtu wa hapa."

"Hapa ndipo ulipomsemesha."

Joakim alicheka peke yake. Alipoacha kucheka akaelezwa kwamba asipotoa, naye ametengwa, na aliyetengwa hauziwi kitu, hata dagaa. Juu ya jabali Mabula alikuwa amejishika mbavu. Joakim angekwenda polisi, lakini polisi angewaambia nini, kwamba kuna mtu amewafungulia samaki njia? Joakim alipanda pikapu yake akaondoka, barafu ikidondoka nyuma, akasema atarudi wakimaliza michezo yao ya kitoto. Kijiji kikabaki kinatazama lile vumbi. Hawakumlaumu Mboje, kwa sababu walimwogopa, na Mabula hawakuweza kumlaumu akasikia. Kwa hiyo walirudi nyumbani wakawalaumu wake zao.

Nyanjige alimletea chakula kila siku, ugali wa mtama na mlenda, akapanda jabalini wakala pamoja. Siku za mwanzo walikuwa wanacheka mpaka machozi. Nyanjige ndiye aliyesema kwamba Mboje akizungumza na mto, mto unamwonea aibu. Lakini siku zilivyokwenda alianza kuja na chakula bila maneno ya kuchekesha. Halafu akaja Gloria, binti yao aliyeolewa Binza, kujifungulia kwao mtoto wa kwanza kama inavyostahili. Alishuka kwenye lori na tumbo lake na kifurushi chake, akapita katikati ya kijiji akiwasalimia mama zake wadogo na shangazi zake, na hakuna aliyemwitikia.

"Analia," Nyanjige alisema siku hiyo, akiwa amesimama, hakukaa. "Siku zake zimefika, Baba Gloria. Mkunga hawezi kuingia kwetu. Mektilda niliyecheza naye tangu utotoni amepita mbele yangu leo anaangalia miguu yake. Nitamzalisha mwanangu peke yangu?"

"Mpeleke hospitali, Bariadi."

"Kwa njia ipi? Barabara ya Bariadi imekatika kwa mvua ya juzi. Unaijua, unaiona kutoka hapo ulipokaa." Akamsogelea. "Sema neno. Ni neno moja tu."

"Nikilisema, wataruhusiwa kunisemesha," alisema Mabula. "Wakinisemesha wataniambia nitoke, na watanishika wanitoe. Tazama maji. Bado yanakuja. Waliopita hawafiki nusu."

"Na mimi?"

"Wewe unaweza, Mama Gloria. Wewe si kama hawa. Hawa hata ukiwapanga wote kwenye mizani ya Joakim..."

Akangoja amalizie. Ndivyo walivyozoea, yeye anaanza na mkewe anamalizia. Nyanjige hakumalizia.

"Hawa ndio watu tulio nao," alisema. "Umewatukana kwa raha mwaka hata mwaka, na mimi nimecheka, nami nina dhambi yangu. Ila ukiulizwa leo nani amekukalisha hapo, ni ningu au ni ile raha, utajibu nini?"

Mabula alimjibu kwamba mlenda umepungua chumvi. Nyanjige akachukua chungu chake akashuka.

Jioni hiyohiyo alimkamata mbuzi wake mwenyewe, jike alilopewa na mama yake, akampeleka kwa Mboje. Akasimama mbele ya watu akasema amekosa, kwa niaba yake na ya binti yake. Mboje alimpokea kwa mikono miwili. Kwa siku nyingi alikuwa hajapata mtu wa kumtii. Akatangaza kwamba mama na binti wamerudi kundini, mkunga aende, moto upelekwe. Na kwa kuwa wamerudi kundini, alisema, sheria inawashika kama inavyowashika wengine wote.

Kesho yake Nyanjige akaja na ugali na ningu mkavu wa karanga. Mabula alikuwa amemwandalia neno jipya kabisa kuhusu Mboje, alilolitafuta usiku kucha. Akalisema. Nyanjige akaweka chungu juu ya jabali. Mabula akalirudia, akidhani mto umelimeza. Nyanjige akamtazama usoni, akakunja kanga yake, akageuka. Kule ukingoni Mboje alikuwa amesimama na filimbi karibu na mdomo, anawaangalia.

Mabula akaelewa. Akatukana siku ile mpaka sauti ikakauka, na kwa mara ya kwanza matusi yake hayakumfurahisha hata yeye. Akaacha kutukana. Chakula kilikuja kila siku, kizuri kuliko zamani, na aliyekileta alikiweka chini akaondoka.

Asubuhi moja vigelegele vikapanda kutoka nyuma ya minyaa ya nyumba yake. Vilikuwa vingi, vya kina mama wengi, na sauti ya Mektilda aliitambua. Mabula akasimama ghafla hata kamba ikamkata kiunoni. Alibaki amesimama mpaka Nyanjige alipotokea njiani na chungu, mikono yake imepakwa mafuta hadi kwenye viwiko.

"Ni wa kike au wa kiume?" aliuliza Mabula.

Nyanjige akaweka chungu chini.

"Basi Gloria je? Ni mzima? Niambie hilo tu, Mama Gloria."

 Nyanjige akaangalia ukingoni. Akaangalia chini, akafuta mafuta kwenye kanga, akaondoka polepole kuliko siku zote, na alipofika njiani alijifunika uso.

Mabula akageukia ukingo. "Mboje," aliita. Mboje akaangalia juu kama anayetafuta mvua. "Luhaga." Luhaga alikuwa anafunga kiatu chake, na hakuwa amevaa kiatu. "Mzee Salu, wewe unaniheshimu." Salu akatikisa kichwa kwa masikitiko, akakumbuka kwamba kutikisa kichwa nako ni kusema, akaacha. Alibaki mmoja, aliyekuwa amekaa karibu kuliko wote na muwa wake.

"Sayi," alisema Mabula. "Sayi, ndugu yangu." Neno hilo hakuwahi kumwita mtu yeyote Mwabujiku. "Sikuombi useme. Inua mkono tu. Wa kulia kama ni dume, wa kushoto kama ni jike. Hata kidole. Nakuomba."

Sayi alifikiri. Akamtazama Mboje, akautazama muwa wake, akauweka chini. Kisha akaikalia mikono yake yote miwili.

Mabula akakaa. Neno lilikuwa moja tu, nimekosa, na alilifikisha mpaka kwenye meno, akakaa nalo hapo huku amefumba macho. Alipoyafumbua alitazama mawe meupe chini ya mlango. Migongo ilikuwa inapita, mmoja baada ya mwingine, na maji yalikuwa bado mekundu.